Chumba cha Chiriku

9 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na sikio halikusumbui sana siku hizi. Mimi sijambo. Mgongo tu ndio unanikumbusha kwamba kupanda juu ya lifti si kazi ya mtu aliyevuka arobaini.

Mama, nimepata nyumba. Si kitanda katika chumba cha mafundi wanne kama miaka yote hii. Ni fleti hasa, vyumba viwili na sebule, ghorofa ya nne, yenye mlango wangu na ufunguo wangu. Mwenye jengo amenipunguzia kodi kwa makubaliano kwamba nitamtunzia lifti yake. Lifti yenyewe imekufa tangu wiki niliyohamia, inasubiri kipuri, kwa hiyo majirani wakinipita kwenye ngazi wananitazama kama mpishi aliyelala njaa.

Humu ndani hamna kitu. Nikikohoa, ukuta unanijibu. Jana nilikula nimekalia ndoo ya rangi, nikajikuta nageuka kuangalia kama kuna mtu wa kumkaribisha.

Nina neno, mama. Tangu mke wangu, mama yake Chiriku, alipofariki na mimi nikaja huku kutafuta maisha, umemlea kama ulivyonilea mimi. Sina cha kukulipa. Lakini sasa nina chumba. Nataka aje akae nami, asome huku. Shule zikifungwa Aprili, ningependa umpandishe basi. Chumba chake nitakipamba mwenyewe. Sina uwezo wa kuingia dukani, ila katika majengo ninayotengeneza lifti watu wanahama kila mwezi na kuacha vitu chini kwenye maegesho. Nitaokota, nitapiga msasa, nitapaka rangi.

Mpe salamu. Mwambie asimalize maneno yote huko, aniachie na mimi.

Ni mimi mwanao.


24 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imekunjamana lakini inasomeka. Mimi mzima. Sikio la kulia limefunga duka, la kushoto linafungua likijisikia. Ndiyo maana nakwambia usihangaike na simu. Nikiiweka sikioni nasikia nyuki ndani ya kopo. Barua naisoma mara mbili, na hainiulizi kila saa, "Unanisikia?"

Nimefurahi kwa ajili ya nyumba. Mtu mzima kulala kitanda cha juu kama mzigo wa basi, jambo hilo lilikuwa linaniuma na nilikuwa silisemi. Na hivyo vitu vya kuokota usivionee haya. Mimi nimeshona maisha yangu yote. Kiraka kikiwekwa ovyo kinatangaza dhiki, kikipangwa kinakuwa pambo. Ila jihadhari na kunguni. Godoro lolote lianike juani kwanza, ulipige fimbo mpaka liungame.

Mke mwenzangu Chiriku hajambo. Anaongea mpaka cherehani inakatika uzi. Hivi ninavyoandika yuko hapa mlangoni anashona vifungo vya sare za watu na kunisimulia ugomvi wa walimu wawili, na nina hakika hakuwepo ulipotokea.

Aprili ni karibu mno. Ana mtihani, na likizo yenyewe ni ya kupepesa macho. Tungoje Agosti.

Mama yako.


2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani, habari za cherehani, habari za mke mwenzako? Mimi niko salama. Agosti nimekubali. Labda ni heri, nipate muda wa kumaliza.

Ngoja nikutembeze nyumbani kwangu. Ukiingia tu unakutana na kioo kirefu cha lifti tuliyoing'oa mwezi uliopita. Watu wamekichora kwa misumari, kwa hiyo nikinyoa ndevu nasoma nani alimpenda nani. Kuna kochi la ngozi bandia lililokuwa katika chumba cha kusubiria cha daktari wa meno. Wageni wataingiwa na hofu wasijue kwa nini. Meza ni ya shule. Taa ni ya hoteli iliyofungwa. Na nimepata viti viwili vya ukumbi wa sinema, vimeshikana kama mapacha. Ni vile ambavyo ukiinuka vinajikunja vyenyewe. Nakaa kimoja, nakula, na cha pili kimejikunja hapo ubavuni kama mtu aliyekupa mgongo. Siku hizi nakiwekea mfuko wa vifaa vyangu ili kikae chini.

Nilikuwa naona haya kwamba hakuna kitu kinachofanana na kingine. Ghorofa ya saba anakaa mama mmoja mpambaji wa nyumba. Alisimama mlangoni kwangu kupumzisha miguu, akachungulia, akasema, "Usihangaike vifanane. Chagua rangi moja, uipitishe kila mahali kama mgeni anayesalimia watu wote chumbani." Nikachagua njano, kwa sababu ndiyo inayobaki kazini. Tunaipaka pale lifti inaposimama, watu waangalie wasijikwae. Sasa miguu ya meza ni njano, fremu ya kioo njano, mikono ya viti njano. Na kweli, mama, vimeanza kujuana.

Chumba cha Chiriku ndicho nilichokimaliza kwanza. Kitanda niliachiwa na familia iliyohama ghorofa ya pili. Kina kizuizi ubavuni asianguke, na ngazi ndogo ya kupandia. Nikikisimamisha kinanifika kifuani. Nimekipaka njano mara tatu. Pazia lina bata wanaofuatana. Ukutani nimefunga kibao cha vitufe cha ile lifti tuliyoing'oa, nimekiunganisha na betri: ukibonyeza tano, tano inawaka. Unakumbuka alivyopenda kubonyeza kila kitu, mpaka redio ya marehemu baba ikatoa moshi?

Je, kitanda kitamtosha? Nijibu hilo, ili kama kuna la kurekebisha nirekebishe.

Mwanao.


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila Chiriku alikuwa na kikohozi, sasa kimepungua. Nimecheka kuhusu kochi la daktari wa meno. Usinikaribishe hapo.

Nina maswali. Ghorofa ya nne, madirisha yana vyuma? Maji yanafika huko juu? Ukiwa kazini nani anabaki naye? Shule iko umbali gani, na barabara anaivuka na nani? Mtoto si kochi, huwezi kumleta kwanza halafu ukafikiria pa kumweka.

Kuhusu kitanda, wewe ndiye fundi.

Mama yako.


15 Juni

Mama,

Shikamoo. Nilikujibu maswali yako yote mwezi wa Aprili, moja baada ya jingine. Vyuma nimeweka. Mwalimu mkuu nimemwona, nafasi ipo. Mama mpambaji amekubali kumtazama saa za mchana, maana kazi zake nyingi anafanyia nyumbani. Sijapata jibu. Nikauliza kwa wale wa ofisi ya basi linaloleta barua zetu kama kuna yangu iliyokwama, wakasema hakuna.

Nimeanza kufika nyumbani na kuingia kwanza katika chumba chake. Nakung'uta shuka ambalo hakuna aliyelilalia. Nabonyeza vile vitufe, moja, mbili, tatu, halafu naenda kula.

Kama hutaki aje, niambie hutaki.

Mwanao.


30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Usinisukume, nimezeeka, nitaanguka.

Atakuja. Anasafiri na mwalimu wake wa hisabati anayekwenda huko kwa dada yake, watafika Jumamosi asubuhi. Utamjua kwa gauni la kijani. Nimelishona mwenyewe na nimeacha pindo refu ndani, likitaka kuteremshwa literemshwe. Hapendi maziwa ya moto. Akikasirika hunyamaza, na hilo ndilo la kuogopa, maana kelele zake hazina madhara. Asubuhi usimsemeshe mpaka amenawa uso.

Sikwambii zaidi. Mengine utayaona.

Mama yako.


19 Agosti

Mama,

Shikamoo. Alifika salama. Nilisimama kituoni nikitafuta mtoto, akashuka msichana wa gauni la kijani, kichwa chake kinanifika begani, akasema, "Shikamoo baba." Nilishindwa kumbeba. Nikabeba begi.

Sijamsikia yule Chiriku unayeniandikia. Anaita "baba" kama mtu anavyomwita mkuu wa ofisi. Akimaliza kula anaosha sahani yake na yangu, kisha anauliza, "Naweza kwenda kulala?" Anaomba ruhusa ya kufungua dirisha. Nilimwonyesha chumba, nikabonyeza vitufe vyote vikawaka. Akatabasamu kwa adabu, vile mtu anavyoipokea soda asiyoipenda. Akasema, "Asante, baba, ni kizuri."

Jumanne niliingia kumwamsha mapema kuliko kawaida. Alikuwa sakafuni. Alikuwa ameteremsha godoro, na bado miguu yake ilikuwa nje kwenye vigae, ameweka begi chini ya visigino. Kumbe kila asubuhi kabla sijaamka alikuwa analirudisha kitandani na kutandika vizuri, nisijue.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Umekipaka rangi vizuri, baba."

Mama, ana miaka kumi na moja. Nimemwekea bata. Kosa langu nalijua: katika picha uliyonitumia alikuwa amekaa, na mimi kichwani kwangu nilikuwa na yule wa miaka minne niliyemwacha, na yule wa miaka sita niliyemwona wiki ya msiba wa baba. Lakini wewe unapima watoto kila siku anayoleta Mungu. Nilikuandikia urefu wa kile kitanda. Nilikuuliza kitamtosha. Ulijua.

Nimemuuliza kama anataka kurudi. Amesema, "Kama unataka, baba." Shule zikikaribia kufunguliwa nitampandisha basi. Siwezi kuishi na mgeni ambaye ni mwanangu.

Mwanao.


27 Agosti

Mwanangu,

Nilijua.

Niliposoma kitanda kinakufika kifuani, nilimtazama pale mlangoni na vifungo vyake, sikuhitaji hata futi ya kupimia. Nikachukua kalamu nikakuuliza habari za madirisha. Nilifikiri: akifika huko akakosa pa kunyoosha miguu, atarudi. Sikupanga zaidi ya hapo. Barua yako ilipofika kwamba utamrudisha, nilifurahi. Nilikaa na furaha hiyo mpaka chai ikapoa, halafu ikaniisha, kwa sababu nilimwona yuko sakafuni, ameweka begi chini ya visigino, ananyamaza ili asikuudhi. Mtoto aliyeniudhi mimi kila siku bila woga.

Mimi nina miaka sabini na mbili. Siku moja nitaondoka, na yeye atabaki na baba anayemwamkia tu. Hilo nililiona siku zote. Nilikuwa naligeuzia uso.

Usimpandishe basi bado. Ng'oa hicho kitanda, naye awepo. Mwulize anataka nini, na akisema "chochote", usikubali. Baada ya hapo akitaka kurudi, mlango wangu anaujua.

Mama yako.


25 Septemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mzima. Sisi wazima, na nasema "sisi" kwa makusudi.

Nilifanya ulivyosema. Jumapili nilishika bisibisi, nikamwita, tukang'oa kitanda skrubu moja moja. Nikamuuliza anataka chumba cha namna gani. "Chochote tu, baba." Nikasema chochote hakiuzwi. Akasema labda tuondoe bata. Tukaondoa bata. Mimi, kwa kupenda kazi yangu, nikaanza kumweleza kuhusu rangi moja inayopita kila mahali, na kwamba nimebakiza njano ya kutosha kitanda kipya. Hapo ndipo lilipopasuka.

"Sipendi njano," akasema. "Sijawahi kupenda njano."

Nikasema, "Basi ungeniambia."

"Ungeuliza! Hujui ninachopenda kwa sababu hukuwepo. Bibi anajua. Mwalimu wangu anajua. Hata muuza duka anajua. Wewe unamjua mtoto mmoja mdogo, unamtengenezea chumba, mimi sijui yuko wapi."

Alilia, mama, akilia anasema, na akisema analia zaidi. Nilikaa sakafuni katikati ya mbao. Sikujitetea. Nilimwambia, "Huyo mdogo mimi pia namtafuta. Lakini wewe ndiye uliyekuja, nami nataka kukujua wewe." Baadaye sana akauliza kama kuna chai. Akanywa, akaanza kunisimulia juu ya walimu wawili waliogombana. Alisimulia mpaka vikombe vikakauka.

Sasa chumba kiko hivi. Kitanda ni mlango. Mlango mzima wa mbao nzito uliotupwa na ofisi ya mawakili, tumeulaza juu ya makreti, bado una tundu la ufunguo. Miguu yake haifiki mwisho. Ukuta mmoja ni buluu nzito. Mwingine ameubandika vipande vya vitambaa alivyokuja navyo begini, mabaki ya sare zako, nilidhani ni nguo zake. Mapazia ni mawili na hayafanani hata kidogo. Vitufe amevihamishia chooni, anasema ni vya kuwasumbua wageni. Mama mpambaji alisimama katikati ya chumba akakitazama kwa muda, akamwambia, "Huyu baba yako ana bidii, lakini wewe una jicho." Mtoto alitembea siku nzima kama aliyevikwa taji.

Usidhani yote yamekuwa mteremko. Juzi tulinuniana kwa sababu ya viatu. Siku nyingine nafika namkuta amekaa dirishani ananiambia hana neno, na najua anakuwaza wewe. Nilimuuliza tena habari ya kurudi. Alifikiri, akasema angependa kuijaribu shule, na kwamba likizo zote ni zako. Ameanza Jumatatu.

Tuna kona sebuleni inayotosha kitanda kingine. Fikiria, mama.

Mwanao.


30 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sijapata neno lako tangu Agosti. Chiriku naye amekuandikia mwanzoni mwa mwezi, ukurasa mbele na nyuma. Kila siku akitoka shule anauliza, "Kuna kitu kutoka kwa bibi?" Nami namwambia basi huchelewa.

Je, unaumwa? Kama kuna lililokukwaza katika barua zangu, nisamehe bure. Maneno ya Agosti yalikuwa ya hasira. Nimeuliza kwa jirani yako kwa simu, akasema cherehani inasikika kama kawaida. Hilo limenituliza, na pia limeniumiza. Shule zikifungwa sijui kama nimlete, naogopa siku ya kuagana itawaumiza nyote wawili.

Mwanao.


2 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Sikuugua. Hukunikwaza. Nilinuna.

Barua zenu mbili zilifuatana. Yako ikasema mlango umekuwa kitanda, yake ikasema analala vizuri mpaka anachelewa kuamka. Nikasoma hapo nikasimama. Nilitaka aandike kwamba analala vibaya kidogo. Si sana, kidogo tu. Basi nikanuna. Na kununa peke yako nyumbani ni kazi ngumu, hakuna wa kukuona, hakuna wa kukuuliza una nini. Nilikuwa nafunga mlango kwa nguvu, halafu naufungua mwenyewe.

Nyumba imekuwa kubwa. Jambo la ajabu ni kwamba kazi zinakwisha mapema. Zamani nilikuwa nalalamika kwamba mtoto huyu ananichelewesha. Sasa saa kumi jioni kila sare imekunjwa, vifungo vyote viko mahali pake, na mimi niko barazani natazama watu wakienda makwao. Jirani huja, tunakaa. Yeye huzungumzia magoti yake. Ni mtu mwema, lakini magoti ni mawili tu, habari zake huisha.

Ile kona ya sebuleni, nimeifikiria. Asante. Siji kukaa. Si kiburi. Wateja wangu wako hapa, kaburi la baba yako liko hapa, na nikija huko nitakaa kwenye kochi la daktari wa meno kukusubiri urudi kazini, nikiwa mpweke kwa lugha ya watu wengine. Upweke wa hapa angalau ninajua vyumba vyake. Ipo siku nitatamani, nami nitakuambia. Mpaka siku hiyo usiniwekee kitanda.

Nimefurahi kwamba alikupigia kelele. Nililia niliposoma, lakini nimefurahi. Mtoto hampigii kelele mtu wa kupita.

Sasa sikiliza. Shule zinafungwa. Nimeona kwa maneno yako kwamba unasitasita kumleta, unaogopa akija tutakumbushana, na siku ya kuondoka itakuwa msiba. Itakuwa. Akija nitafurahi, akiondoka nitalia, na yeye atalia, na basi litatungoja tumalize. Mlete hivyo hivyo. Usimzuie mtoto kuja kwa kuogopa machozi yangu, maana hayo nayaweza. Haya ya kukaa bila sababu ya kulia ndiyo yamenishinda.

Na wewe njoo.

Mama yako.